Karani wa Forodha na Mshairi wa Uajemi

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa Horohoro. Anayesafiri kutoka Tanga kwenda Mombasa anapajua mahali hapo. Ni kilometa 65 za lami kutoka mjini Tanga, kisha unafika penye majengo ya uhamiaji na forodha, na ng'ambo yake ni Lunga Lunga, Kenya. Basi letu lilikaa sana siku ile, kwa sababu abiria mmoja alikuwa na mizigo yenye maelezo mengi kuliko stakabadhi. Nikashuka, nikaagiza chai kwenye kibanda cha mama mmoja, nikakaa.

Mezani alikuwapo kijana, karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha. Sahani yake ya chapati alikuwa ameiweka juu ya daftari. Nilipoisogeza sahani kupata nafasi ya kikombe changu, daftari likafunuka, nikaona maneno ya Kifaransa yameandikwa kwa wino wa bluu na maana zake kwa Kiswahili kwa wino mwekundu. Kurasa sita zilikuwa nadhifu kabisa. Ya saba iliishia katikati, na zilizofuata zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo mzee," akasema, akalifunga haraka.

"Marahaba. Kumbe unasoma Kifaransa?"

"Nilikuwa nasoma. Huu ni mwaka wa tatu. Kila Januari naanza, masika yakifika nimekwisha kuacha." Kisha akanieleza kwamba hakutumwa na mtu. Alikuwa amevutiwa na lugha hiyo alipoisikia kwenye nyimbo za Wakongo, basi. Akaniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo: mtu anayejifunza lugha kwa kupenda tu, bila mtihani na bila kuongezewa mshahara, nguvu ya kuendelea anaitoa wapi?

Kabla sijajibu, honi ya basi ikalia. Basi mazungumzo ya leo ni deni ninalolipa.

Lakini kwanza nieleze jambo nililoliona pale pale kibandani. Nilipomwuliza anajua lugha ngapi, alijibu kwa unyonge kwamba ana Kiswahili na Kiingereza kidogo cha shule. Haukupita muda, akabishana na mama wa chai kwa Kidigo juu ya chenji. Akapita dereva wa lori, wakataniana kwa Kikamba. Nikamwambia, "Mbona hizi hukuzitaja?" Akacheka. "Aa, mzee, hizo sikujifunza. Nimezikuta tu."

Nadhani kijana yule alijipunja. Mpaka wa Horohoro ulichorwa katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Mabwana wale walianzia mlangoni mwa Mto Umba, karibu na Vanga, wakapiga mstari kuelekea kaskazini-magharibi, na Wadigo wakajikuta wengine huku na wengine kule. Hakuna aliyewauliza. Hata hivyo hawakuacha kuoana, kuzikana, kudaiana mahari na kuuziana mbuzi. Kila lugha inayovuka mstari ule ina mtu upande wa pili: shemeji, mteja, au mdeni. Ndiyo maana karani wetu anasema amezikuta. Mtu hachoki kujifunza lugha ya shemeji yake, maana asipoijua atasengenywa akiwa amekaa pale pale.

Kifaransa cha kwenye daftari hakikuwa na shemeji.

Sasa naomba nimchukue msikilizaji mbali kidogo, hadi Uingereza ya karne ya 19. Asihofu, nitamrudisha Tanga kabla ya mazungumzo kwisha. Lugha tutakayoifuata ni Kiajemi, nayo si ngeni kabisa kwetu. Tukisema bandari, tukisema serikali, tukisema pamba, tunatumia maneno yenye asili ya huko. Kusini ya mji wa Tanga, kwenye magofu ya Tongoni, msafiri Richard Burton alipita mwaka 1857 akaandika habari za kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Burton huyo alikuwa mjuzi wa lugha nyingi, lakini jeshini India, alikoanzia, afisa aliyefaulu mtihani wa lugha za wenyeji alipata manufaa yake. Mimi namtafuta mtu asiyetarajia chochote.

Katika mji wa Ipswich, mashariki ya Uingereza, palikuwa na kijana aitwaye Edward Cowell, aliyezaliwa mwaka 1826. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Kijana akiwa bado shuleni aliviona kwenye maktaba ya mji vitabu vya Sir William Jones, mtaalamu wa lugha za Mashariki, akaanza kujifundisha Kiajemi. Mwaka 1842 baba akafariki, na mtoto akalazimika kuingia ofisini kuendesha biashara. Mchana hesabu, usiku Kiajemi. Msikilizaji aliyewahi kufungua kitabu baada ya kutwa nzima kazini anajua kope zinavyokuwa nzito.

Cowell alikuwa na rafiki aliyemzidi miaka 17, jina lake Edward FitzGerald. Huyu alitoka katika familia tajiri, hakuwa na kazi maalumu, na kwa kweli alikuwa mtu wa kuanza mambo na kuyaacha. Cowell alikwisha kumwingiza katika Kihispania. Mwishoni mwa mwaka 1852 akamshawishi ajaribu na Kiajemi. FitzGerald alikuwa na miaka 43, umri ambao wengi wetu tunasema kichwa kimekwisha kuwa kigumu. Alianza na sarufi ya yule yule Jones. Lakini hakukaa kwenye mazoezi ya sarufi. Mapema kabisa wakaanza kusoma pamoja mashairi yenyewe, na maswali yaliyobaki akayaandika katika barua kwa rafiki yake. Kufikia mwaka 1856 alikuwa amechapisha tafsiri ya hadithi moja ya mshairi Jami.

Mwaka huo huo Cowell akapata kazi ya ualimu Calcutta, India. FitzGerald alijaribu kumzuia asiende, akashindwa. Kwa kawaida hapa ndipo hadithi ingekwisha. Mwalimu ameondoka, daftari linabaki na kurasa nyeupe. Isitoshe, mwezi wa Novemba FitzGerald alioa, na ndoa ile ilikuwa ya majuto tangu mwanzo. Haukupita mwaka wakaachana.

Lakini kabla ya kupanda meli Cowell alifanya jambo moja. Katika maktaba ya Bodleian, Oxford, alikuta hati ya zamani yenye mashairi 158 ya mistari minne minne, ya Omar Khayyam, mtaalamu wa hesabu na nyota wa Nishapur aliyefariki mwaka 1131. Akainakili, akamwachia rafiki yake nakala. Alipofika Calcutta akakuta hati nyingine, akatuma nakala yake pia. Ikafika katikati ya mwaka 1857. Mfereji wa Suez ulikuwa bado kufunguliwa. FitzGerald akauliza maana ya neno leo, akangoja majibu kwa miezi. Na bado aliendelea, tena kwa furaha, katika mwaka ambao mambo mengine yote ya maisha yake yalikuwa yanabomoka.

Kwa nini aliendelea? Wako watakaosema ni utamu wa Omar Khayyam. Sikatai. Lakini ukifuata barua zake unaona kwamba kila ubeti alioufumbua ulikuwa habari ya kumpelekea Cowell. Kiajemi kilikuwa kamba iliyobaki kati ya marafiki wawili waliotenganishwa na bahari. Kuacha Kiajemi ingekuwa kuacha kuandikiana.

Tafsiri ilitoka mwaka 1859, beti 75, bila jina la mfasiri. Haikununuliwa. Muuza vitabu akaishusha bei hadi senti moja ya Kiingereza, akaitupa kwenye sanduku la nje, ambako wapita njia waliiokota miaka miwili baadaye, na ndipo ikaanza kuvuma. Nisiifiche kasoro yake: wajuzi wa Kiajemi wanasema FitzGerald aliunganisha beti, alipunguza, na aliongeza ya kwake. Na Cowell, aliyekuwa mcha Mungu sana, baadaye alijutia kumjulisha rafiki yake na mshairi asifiaye mvinyo.

Msikilizaji ataniambia kwamba hao ni Wazungu wenye nafasi. Yeye ana watoto wanne na kodi ya nyumba. Ni kweli. Basi tuje karibu. Rabai, nyuma ya Mombasa, aliishi mmisionari Johannes Rebmann tangu mwaka 1846 hadi 1875. Mwaka 1853 alikutana na mtumwa mmoja wa Mombasa aitwaye Salimini, aliyekuwa ametolewa bara, upande wa Ziwa Nyasa. Lugha ya Salimini haikuwa ya watu wa Rabai. Rebmann akakaa naye, akaandika neno baada ya neno. Nchi ile hakuiona hata siku moja. Mkewe alifariki Rabai mwaka 1866, macho yake yakapofuka, akarudi kwao akiwa anaongozwa kwa mkono. Alifariki mwaka 1876, na kamusi ikachapishwa mwaka uliofuata. Sisi tunasema ni kamusi ya Rebmann. Mimi kila nikiitaja naona mbele yangu watu wawili wameketi, na mmoja wao hakuwa hata na uhuru wa nafsi yake. Alichokuwa nacho ni lugha ambayo hapo pwani pengine hakuwa na watu wengi wa kuisema naye.

Sasa nirudi Tanga kama nilivyoahidi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na Kiingereza chake ni cha shule ile na cha kujiendeleza. Baada ya hapo akawa karani. Na karani wa wapi? Wa forodha! Alianza katika idara hiyo mwaka 1926, akakaa humo hadi mwaka 1944, akifanya kazi Pangani na kwingineko. Akapita katika idara ya wanyama, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga ofisi ya serikali. Mchana wake ulikuwa wa mwajiri. Vitabu tunavyojivunia leo viliandikwa na mtu aliyekuwa na dawati la ukarani.

Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake kiitwacho Omar Khayyam kwa Kiswahili. Alikitoa katika Kiingereza cha FitzGerald. Tazama mzunguko huo, ndugu msikilizaji. Mtoto wa mfanyabiashara anaokota sarufi maktabani Ipswich, anamwambukiza rafiki, rafiki anaandika kitabu kinachotupwa sandukuni, na karibu miaka 100 baadaye karani wa Tanga anakifungua na kuwapa watu wa pwani, ambao wenyewe wanajitaja kuwa na mababu wa Shirazi, mshairi wa Uajemi kwa lugha yao. Hapakuwa na mtihani wowote wa ukarani uliodai afanye hivyo. Kiingereza kilichofundishwa ili watawala wapate makarani, yeye alikitumia kuleta wageni barazani. Lugha aliyojifunza ilikuwa na watu upande wa pili: wasomaji wake.

Ninalotaka kumwambia kijana wa Horohoro, basi, si kwamba hana bidii. Kurasa sita nadhifu ni bidii. Tatizo lake ni kwamba aliketi peke yake na orodha ya maneno, na orodha haimwulizi mtu "mbona kimya?" Pia sikubaliani na wanaomshauri ajiwekee adhabu, au ajihesabie saa kila siku. Hesabu hizo ni za ofisini, naye ofisini anashinda kutwa.

Nikamtafutia mtu. Nina rafiki mjini Moroni, Komoro, mwalimu mstaafu. Kifaransa anacho tele, kwani huko ni lugha ya serikali na shule, na kwa muda mrefu amekuwa akitaka kuandika Kiswahili sanifu, maana lugha yake ya nyumbani ni ndugu ya Kiswahili na jambo hilo humchanganya badala ya kumsaidia. Nikawapa namba za simu. Wakakubaliana: kila Ijumaa karani anaandika kwa Kifaransa, mwalimu anaandika kwa Kiswahili, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake.

Juzi nilipita tena Horohoro. Kijana akanionyesha ujumbe wake wa kwanza. Mistari mitano, makosa kumi na moja, yote yamesahihishwa kwa upole. Wa mwalimu nao ulikuwa na makosa, na karani aliyasahihisha kwa raha ambayo hakuificha. Daftari limefika ukurasa wa kumi na mbili. Ukurasa huo una swali ambalo mwalimu amemwuliza, naye amelala nalo siku tatu bila kupata jawabu: amweleze, kwa Kifaransa tu, tofauti iliyopo kati ya "pole" na "samahani".