Kabla ya Banu, tulikuwa na Maimuna

Mei 2025, mwanasheria kutoka Karnataka, India, alishinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker. Anaitwa Banu Mushtaq. Kitabu chake, Heart Lamp, kina hadithi 12 alizoziandika kwa Kikannada, halafu Deepa Bhasthi akazitafsiri kwa Kiingereza. Zinahusu wanawake Waislamu wa kusini mwa India: ndoa, talaka, kuzaa, waume.

Beshte yangu wa Likoni akaniuliza, "Sasa sisi tutaandikwa lini?"

Jamani, sisi tuliandikwa kitambo! Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba 1947, mwaka mmoja tu kabla ya Banu, alitoa riwaya ya Utengano mwaka 1980. Kwa Kiswahili. Kaka na dada zetu waliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Mimi niliikuta kabatini kwa mamangu, haina jalada, mwaka ule nilioacha chuo.

Maksuudi ni tajiri, ni mheshimiwa, anatafuta kura. Nje watu wanamsifu. Ndani mkewe anateseka na binti yake, Maimuna, amefungiwa asiujue ulimwengu. Siku Maimuna anatoka, anatoka mbio, na mji unamtafuna maana hakuna aliyemfunza kuishi nao.

Kwetu ukigusa mambo haya utaambiwa ati unatia Waislamu aibu. Banu naye yalimpata: mwaka 2000 yeye na familia yake walitengwa na jamii kwa sababu alitetea haki ya wanawake kusali msikitini. Lakini tizama, hawa wawili si wageni waliokuja kutuchungulia. Wameandika nyumba walizozijua. Wanayemkosoa ni mtu anayeifanya dini pazia la ukatili wake. Dini yenyewe haikumwambia afanye hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba Utengano tuliigeuza maswali na majibu. Mtihani ukiisha, kitabu kinauzwa. Dunia ilihitaji mtafsiri ndio imsikie Banu. Sisi Maimuna anazungumza lugha yetu, na bado hatumsikilizi.

Nilipomaliza nilimsimulia mamangu habari za Maksuudi. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchele, akasema:

"Huyo? Mimi nawajua watatu, wote hapa hapa Likoni."