Udhibiti wa Serikali na Tasnia ya Pareto katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: Kutoka Leseni za Kikoloni hadi Maada za Nano

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna udhibiti wa serikali ulivyoathiri tasnia ya pareto katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwa kuitazama Bulongwa, wilayani Makete, kama mahali ambapo athari za udhibiti huo zilimfikia mzalishaji. Hoja inayojengwa ni kwamba kila awamu ya udhibiti iligawa upya mambo mawili: mamlaka ya kupima ubora wa zao, na mzigo wa kusubiri malipo. Mamlaka ya kupima yalihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Mzigo wa kusubiri ulibaki kwa mkulima. Makala inahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa historia hii wakati huu ambapo viuatilifu vya asili vinaanza kuingia katika sheria zinazohusu maada za nano.

1.0 Utangulizi

Maada za nano ni maada zenye chembe za ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mjadala kuhusu udhibiti wake umegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba masharti ya serikali huongeza gharama na kudumaza viwanda. Kambi ya pili husema kwamba bila masharti hakuna imani ya mnunuzi, na bila imani ya mnunuzi hakuna soko. Kambi zote mbili huzungumza kana kwamba tasnia ni kitu kimoja, chenye faida moja na hasara moja.

Historia ya pareto inatulazimisha kuligawa neno hilo. Ndani ya tasnia ya pareto yumo mkulima mwenye kipande cha shamba mlimani, wakala wa kununua maua, kiwanda cha kukamua sumu, msafirishaji wa bidhaa ghafi na mtengenezaji wa viuadudu ng'ambo. Sharti moja la sheria huweza kumnufaisha mmoja wao na kumwelemea mwingine. Kwa hiyo swali linaloongoza makala hii ni hili: udhibiti ulipobadilika, ni nani alibeba gharama ya mabadiliko?

Bulongwa imechaguliwa kwa sababu za kihistoria na za kijiografia. Iko Ukinga, katika milima ya Kipengere, jirani na uwanda wa Kitulo. Wamisionari wa Berlin walianzisha kituo chao hapo mwaka 1895. Katika kipindi cha ukoloni eneo hili lilifahamika zaidi kwa kutoa vibarua kuliko kutoa mazao ya biashara. Wanaume wa Kikinga walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Chunya na katika mashamba makubwa ya walowezi. Zao ambalo lingempa mtu fedha akiwa nyumbani kwake lilihitaji kuvumilia baridi na kustahimili safari ndefu katika barabara mbovu. Pareto ilikidhi masharti yote mawili. Ua lake huhitaji baridi ili lichanue vizuri, na likishakauka huwa jepesi, hivyo mzigo mdogo hubeba thamani kubwa kuliko gunia la viazi.

2.0 Ua, Sumu na Tatizo la Kipimo

Ili kuelewa sheria za pareto ni sharti kwanza kuelewa zao lenyewe. Kinachouzwa ni sumu iliyomo ndani ya ua, yaani mchanganyiko wa kemikali sita zinazoitwa kwa pamoja pairethrini. Katika maua makavu, sumu hiyo kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito. Kwa maneno mengine, kilo 100 za maua makavu hutoa takriban kilo moja au mbili tu za kile ambacho mnunuzi wa mwisho anakitaka.

Sumu hiyo ni dhaifu mbele ya mwanga na joto. Ua likichumwa mapema mno, sumu yake haijakomaa, likichelewa, hupungua. Maua mabichi yakirundikwa huchacha, na yakikaushwa vibaya huota ukungu. Kazi ya kuchuma hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu katika msimu, na kwa sehemu kubwa imekuwa ikifanywa kwa mikono ya wanawake na watoto.

Hapa ndipo lilipo tatizo linalopita katika historia nzima ya tasnia hii. Katika kituo cha ununuzi, mkulima na mnunuzi wanaweza kuona rangi ya ua, kuhisi ukavu wake na kusoma mizani. Kiwango cha sumu hawawezi kukiona, kwa kuwa hupimwa kwenye maabara, na maabara iko kiwandani. Mkulima huuza kitu ambacho thamani yake halisi hujulikana baada ya mzigo kuondoka mikononi mwake. Mahali penye hali ya namna hii, mwenye mamlaka ya kupima ana nguvu kuliko mwenye shamba, na serikali inapoamua nani apewe mamlaka hayo huwa inaamua pia mgawanyo wa mapato.

3.0 Leseni na Vita

Asili ya pareto inayolimwa kibiashara ni pwani ya Dalmatia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Japani ndiyo iliyoongoza kwa uzalishaji. Zao hili liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na kusambaa Tanganyika katika miaka ya 1930, kwanza katika mashamba ya walowezi. Nchini Kenya Waafrika walizuiwa kwa muda mrefu kulima mazao ya biashara yenye faida kubwa. Pareto ilihimizwa rasmi miongoni mwa wakulima wadogo wa Kiafrika baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Leseni ilikuwa chombo cha kulinda ubora, na wakati huohuo ilikuwa uzio. Hoja ya ubora ilitumika kuamua ni nani anayefaa kuwa mkulima.

Vita viliifanya pareto kuwa bidhaa ya kijeshi. Njia za kuipata kutoka Japani zilipofungwa, majeshi ya Uingereza na Marekani yaliitegemea Afrika Mashariki kwa ajili ya kupambana na mbu na chawa. Kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu, bei na soko vilikuwa na uhakika. Uhakika huo haukudumu. DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, ilianza kutumiwa kwa wingi kabla ya vita kwisha. Ilikuwa rahisi, ilikaa muda mrefu juu ya ukuta na haikuhitaji mchumaji. Viwanda vya kemikali vikapata soko ambalo nyanda za juu za Afrika Mashariki zilidhani ni lao.

4.0 Mnunuzi Mmoja

Baada ya uhuru kilimo cha pareto kilienea miongoni mwa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini. Wakati huo Ukinga ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Njombe. Wilaya ya Makete ilianzishwa mwaka 1979, na Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Mfumo uliotawala ulikuwa wa bodi ya zao: mkulima aliuza kupitia chama cha ushirika, na bodi ilisimamia ubora, bei na soko la nje.

Mfumo huu ulikuwa na faida ambazo hazipaswi kupuuzwa. Bodi iliweza kumfikia mkulima wa mbali ambaye mfanyabiashara binafsi angemwona kuwa ni gharama. Ilitangaza bei moja, ikatoa miche, na ikamwezesha bwana shamba kufundisha namna ya kuchuma na kukausha. Bila kazi hiyo, isingewezekana kukusanya maua yenye ubora unaolingana kutoka kwenye maelfu ya vishamba. Udhibiti, kwa maana hii, uliijenga tasnia.

Udhaifu ulionekana pale chombo kilichodhibiti kilipokuwa pia ndicho kinachonunua. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kwa mazao mengi nchini ununuzi ukawa mikononi mwa mamlaka za mazao zilizopaswa kununua moja kwa moja vijijini. Ucheleweshaji wa malipo, uhaba wa magari na gharama kubwa za uendeshaji vilikuwa malalamiko ya kawaida. Ushirika ulirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani haikurejea kwa tangazo. Katika miaka hiyohiyo ukamuaji wa pareto ulikuwa na makao Mafinga, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kiwanda kilisogea karibu na wakulima. Malipo hayakusogea kwa kasi hiyo.

Kwa mkulima wa Bulongwa sheria ilikuwa wazi kuhusu upande wake: aina gani ya ua alete, likauke kiasi gani, na amuuzie nani. Haikuwa wazi kwa kiasi hichohicho kuhusu nini kingetokea iwapo mnunuzi pekee angechelewa kulipa. Mkulima wa jinsi hiyo hagomi kwa maandamano. Hung'oa pareto na kupanda viazi au ngano, na takwimu za uzalishaji hushuka bila mtu yeyote kuandika barua ya malalamiko.

5.0 Sheria za Ng'ambo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba serikali pekee iliyoidhibiti pareto ya Makete ilikuwa ya Dar es Salaam. Mwaka 1962 Rachel Carson alichapisha kitabu Silent Spring kuhusu madhara ya viuatilifu vya viwandani, na mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya DDT. Uamuzi uliofanywa Washington kwa ajili ya afya na mazingira ya Wamarekani ulifufua matumaini ya zao la milimani Afrika Mashariki, kwa kuwa udhaifu wa pairethrini mbele ya jua sasa ulihesabiwa kuwa sifa: haibaki muda mrefu kwenye mazingira.

Matumaini hayo yalipata mpinzani karibu mara moja. Mwaka 1973 kundi la Michael Elliott huko Rothamsted, Uingereza, lilitangaza permethrini, kemikali ya kiwandani iliyoundwa kwa kuiga pairethrini lakini isiyoharibiwa upesi na mwanga. Kwa hiyo marufuku dhidi ya DDT iliwanufaisha zaidi waliokuwa na maabara za kuliiga ua kuliko waliokuwa na mashamba ya ua lenyewe. Pareto ya asili ilibakiwa na sehemu maalumu ya soko: dawa za majumbani, hifadhi ya nafaka na kilimo hai, ambako sheria za Marekani na Umoja wa Ulaya zinaruhusu pairethrini zitokanazo na mmea. Sehemu hiyo ya soko ni zao la sheria. Kama kanuni za kilimo hai zisingetofautisha mmea na kiwanda, mnunuzi angekuwa na sababu ndogo ya kulipia ua lililochumwa kwa mkono.

6.0 Leseni Mpya

Sheria ya Pareto ya mwaka 1997 ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimeunganishwa. Bodi ya Pareto Tanzania ilibaki kuwa msimamizi na mtoaji wa leseni, huku ununuzi na usindikaji ukienda kwa kampuni binafsi. Kinadharia, mnunuzi akichelewa kulipa, msimamizi asiye mnunuzi angeweza kumwajibisha.

Linganisho na Kenya linasaidia kupima mabadiliko hayo. Kenya iliendelea na bodi iliyonunua, kusindika na kuuza kwa muda mrefu zaidi. Nchi iliyowahi kuongoza dunia ikaona wakulima wake wakikaa bila malipo na uzalishaji ukianguka, huku Tasmania ikichukua nafasi yake kwa kilimo cha mashine. Kenya ilifungua soko kwa sheria mpya mwaka 2013. Tanzania ilitangulia, na tasnia yake ikabaki hai.

Hata hivyo, kutenganisha mdhibiti na mnunuzi hakukutatua tatizo la kipimo lililoelezwa katika sehemu ya pili. Maabara ilihama kutoka mali ya umma kwenda mali ya mnunuzi. Wanunuzi wenye leseni wanapokuwa wachache, mkulima hana pa kupeleka ua lake ili lipimwe na mtu asiye na maslahi katika bei. Ndiyo sababu misonobari iliyopandwa kwenye vilima vya Makete inapaswa kusomwa pia kama hukumu juu ya udhibiti wa mazao: mti hupimwa kwa futi ya kamba mbele ya mwenye shamba, na asiporidhika na bei anaweza kuuacha usimame mwaka mwingine. Ua la pareto halisubiri.

7.0 Ukubwa wa Chembe Unapokuwa Sheria

Watafiti katika nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kufungia pairethrini ndani ya vifuko vya ukubwa wa nano ili kuikinga na mwanga na kuiachilia polepole. Ikifanikiwa, teknolojia hiyo itaipa sumu ya asili kile ambacho permethrini ilikipata mwaka 1973. Lakini Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 528 ya mwaka 2012 kuhusu viuavijasumu na viuadudu inaeleza kwamba kuidhinishwa kwa kiambato hakujumuishi umbo lake la nano isipokuwa imetajwa waziwazi. Sumu ya ua lilelile, ikipunguzwa ukubwa wa chembe, huhitaji ushahidi wake wa usalama.

Tahadhari hiyo ina msingi, maana chembe ndogo mno huweza kupita na kutenda mahali ambapo chembe kubwa haifiki. Gharama ya ushahidi, hata hivyo, itabebwa na wenye maabara, nao watataka kuirejesha kupitia bei. Hapa nchini, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeweka usajili wa viuatilifu chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na Mkemia Mkuu wa Serikali anasimamia kemikali za viwandani na majumbani chini ya sheria ya mwaka 2003. Vyombo hivi vitakapoandika masharti kuhusu maada za nano, vitakuwa vinaandika pia, kwa kujua au kwa kutojua, masharti ya bei ya ua huko Bulongwa.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba udhibiti uliijenga tasnia ya pareto kwa kuipa ubora unaoaminika, na uliidhoofisha pale ulipomlazimisha mkulima bila kumlazimisha mnunuzi. Leseni ya kikoloni, bodi ya umma na kampuni binafsi ni mifumo tofauti, lakini yote iliweka kipimo mbali na shamba. Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, masharti yoyote ya ubora yaambatane na kipimo huru ambacho mkulima au chama chake anaweza kukiomba kabla bei haijafungwa, pamoja na muda wa malipo wenye nguvu ya kisheria. Pili, tathmini ya athari za kanuni za maada za nano imhesabu mzalishaji wa malighafi kuwa sehemu ya tasnia. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu uamuzi wa kaya wa kung'oa pareto au kuibakiza, kwa kuwa huko ndiko hukumu ya mwisho juu ya sheria hizi ilikotolewa.