Mkebe Wenye Jina Hauuzwi kwa Kilo

Wasee, Concours d'Elegance ikifika pale Ngong Racecourse, taimlaini inajaa magari ya zamani yaliyong'arishwa hadi unaweza kunyolea ndevu hapo. Poa, hayo mashindano yako tangu 1970, heshima zao. Lakini historia ya kufufua magari Kenya iko pia huku kwetu Kariobangi Light Industries, na hakuna anayeiandika.

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally na Volvo PV544. Ilikuwa mtumba, jamani! Volvo wenyewe waliitumia Safari ya 1964, wakaiacha hapa, Joginder akaichukua akaitengeneza. Huyu ni mtu aliyejua spana kabla ya usukani. Halafu Shekhar Mehta akaja na Datsun: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, bila kupumzika. Sishangai wazee wa mtaa walipenda Datsun.

Guka wangu alinunua yake 1982, 1200 ya milango miwili, nambari ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Akaiita Mehta. Watoto wa Jericho wakakataa. Baridi ya Julai ilikuwa ikifika, asubuhi kabureta inakohoa ploti nzima inaamka, basi ikawa Kikohozi. Guka alikasirika karibu miaka kumi, halafu akazoea.

Mwisho wa 2021 ilikuwa imeoza sakafu, kuku wanataga ndani. Jamaa wa skrepu akaja kuipima kwa macho, wakaelewana bei. Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu, jamaa akapotea. Iliporuhusiwa tena Mei, fundi wa Kariobangi alishakata sakafu yote na kuchomelea nyingine. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, sina shughuli, nikapewa msasa. Nilisugua kutu wiki tatu. Spea tulitafuta Kirinyaga Road, ambayo Guka bado anaiita Grogan, na zile zilizokosekana fundi alizichonga mwenyewe.

Mnasema si angenunua nyingine tu? Wapi? Sheria haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hizi zilizobaki ndizo hizo, moja ikienda kwa mizani imeenda.

Na majina pia yanaenda. Sheria za Michuki za 2004 zilipoleta mstari wa manjano, mathree zilifutwa michoro na majina, lakini angalau watu walikuwa wamepiga picha. Majina kama Kikohozi hayakuandikwa popote. Yako kwa vichwa vya wazee wa Jericho, Ofafa na Makadara, na hao wazee tunawazika kila mwezi. Nenda umuulize wako leo gari lake liliitwaje na nani alilipa hilo jina. Mimi nitakusanya yote mtakayoniletea.

Kikohozi sasa inatembea, bado rangi. Guka anataka bluu yake ya zamani. Mimi nataka jina liandikwe mlangoni, na yeye anasema likiandikwa, liwe Mehta. Tumenuniana wiki ya pili sasa.