Nani Mwendawazimu: Daktari au Mgonjwa?

Leo tuzungumzie filamu moja ya zamani ya Uingereza iitwayo Asylum, yaani nyumba ya wendawazimu, iliyotolewa mwaka 1972. Ilitengenezwa na Amicus, kampuni iliyojipatia jina tangu mwaka 1965 kwa filamu za kutisha zenye hadithi ndani ya hadithi, mtindo tunaoujua sote katika Alfu Lela Ulela. Mwandishi ni Robert Bloch, yule wa kitabu cha Psycho. Waigizaji nao ni vigogo: Peter Cushing, Herbert Lom na Charlotte Rampling. Kwa majina hayo, mtu angetarajia makubwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Daktari kijana anakwenda hospitali ya wagonjwa wa akili kuomba kazi. Anaambiwa kuwa mganga mkuu aliyekuwapo amerukwa na akili, na sasa ni mmoja wa wagonjwa. Akimtambua, kazi ni yake. Basi anapita chumba hadi chumba akisikiliza visa vinne: viungo vya maiti vilivyofungwa katika karatasi vinaanza kutembea, fundi cherehani anashona suti ya uchawi, msichana ana shoga asiyeonekana na wengine, na daktari mmoja anatengeneza vidoli vyenye sura yake.

Swali la mwanzo ni zuri sana. Ukivua makoti meupe, utamjuaje mwenye akili timamu? Bahati mbaya filamu inalikimbia swali lake yenyewe. Uchawi unatawala, maradhi yanakuwa mlango tu wa kuingilia mazingaombwe, na mtazamaji anaondoka ameshtuka mara mbili tatu bila kuambiwa lolote juu ya watu wanaofungiwa humo.

Hapa Afrika Mashariki swali hilo lina jibu, nalo linatisha kuliko vidoli. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Mwaka 1938 ilikabidhiwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Akakaa hapo hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapa taarifa yake juu ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi na uhuru wakaelezwa kama watu wenye kasoro ya nafsi. Je, hapo mgonjwa alikuwa nani?

Kwetu Tanzania, kazi hii ilianzia Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walihudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1920, chini ya Mwingereza, ikaja Mirembe, Dodoma. Jirani yake ni Isanga, panapowekwa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Ujirani huo wa wodi na lango la chuma ulijenga picha ambayo haijafutika: kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa kufungiwa.

Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu njia nyingine, ikiwa ni pamoja na vijiji ambako wagonjwa walilima huku wakitibiwa. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili. Lakini sheria haifuti matusi. Tangu Kinondoni hadi Kimbiji, jina la Mirembe bado ni kejeli. Mtu akikosea kidogo, huambiwa arudi Mirembe. Kwa kejeli hiyo, familia humficha mgonjwa chumba cha uani, huhangaika kwa waganga, na hospitali huwa kimbilio la mwisho, maradhi yakiwa yamekomaa.

Anayetaka kuitazama Asylum aitazame. Cushing peke yake anastahili muda huo. Ila akumbuke kuwa nyuma ya mlango wa kweli hakuna vidoli wala maiti wanaotembea. Yuko binadamu anayengoja dawa, na ndugu wa kumjulia hali. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.