Sabuni ya Kunyolea: Historia ya Povu Linalodaiwa na Wembe wa Kukunja

Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa kazi moja: kutoa povu zito lenye utelezi, linalokaa usoni bila kukauka mpaka wembe umalize kazi yake. Sabuni ya kuogea nayo hutoa povu, tena jingi, lakini ni la mapovu makubwa yanayopasuka upesi na kuiacha ngozi kavu. Kwa anayenyoa kwa wembe wa kukunja, tofauti hiyo huonekana kwa mikwaruzo na damu.

Wembe wa kukunja ni bapa la chuma lililonolewa, ambalo likikunjwa huingia ndani ya mpini wake. Hakuna kizuizi chochote kati ya makali na ngozi. Hulazwa usoni kwa pembe ya takriban digrii 30, mkono wa pili ukiwa umeivuta ngozi ikakaza, kisha huteremshwa polepole, kwanza kufuata upande ndevu zinakolalia, halafu kwa kuzikingama. Kazi hii haina haraka, na ndiyo maana povu lake lina masharti matatu: liteleze ili wembe usikwame, liwe zito ili liziegemeze ndevu na kuikinga ngozi, na lidumu na unyevu wake hadi mwisho. Historia ya sabuni ya kunyolea ni historia ya mafundi walioyatafuta mambo hayo matatu, na ya namna yalivyowekwa kando wembe ulipobadilika.

Enzi ya beseni na viganja

Kabla ya kuwapo sabuni maalumu, kinyozi alitumia sabuni yoyote nzuri aliyoipata. Katika nchi za Bahari ya Kati iliyosifiwa zaidi ilikuwa sabuni ya mafuta ya zeituni, kama ile ya Halab nchini Syria na ile ya Castile nchini Hispania. Sabuni ya zeituni haina povu kubwa. Hutoa ute mwembamba wenye utelezi, na utelezi huo ulitosha kuupitisha wembe.

Ulaya, kinyozi alijulikana kwa beseni lake la shaba lililokatwa pengo la nusu duara ukingoni. Mteja alikaa kwenye kiti, pengo likawekwa shingoni chini ya kidevu, na kinyozi akachovya tonge la sabuni katika maji ya moto na kulisugua usoni kwa viganja hadi povu litoke. Maji yaliyotiririka yakarudi ndani ya beseni. Chombo hicho kilizoeleka kiasi kwamba Cervantes, katika riwaya yake ya Don Quixote iliyotoka mwaka 1605, alimvisha shujaa wake beseni la kinyozi kichwani akilidhania kuwa kofia ya dhahabu ya vita.

Katika karne ya 18 yalitokea mabadiliko mawili. La kwanza ni chuma. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, alibuni njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo, na mafundi wakapata chuma safi kilichoshika makali membamba kuliko awali. Sheffield, na Solingen ya Ujerumani, zikawa miji ya nyembe. La pili ni brashi, iliyoenea kutoka Ufaransa. Waliitengeneza kwa manyoya ya mnyama wa Ulaya wa jamii moja na nyegere, na hadi leo jina la Kifaransa la brashi hiyo, blaireau, ndilo jina la mnyama mwenyewe. Manyoya yake hushika maji mengi na kuyaachia kidogo kidogo, kwa hiyo povu lilianza kutengenezwa kwa kuzungusha brashi badala ya kusugua kwa mkono.

Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Kitabu hicho kilionyesha njia mpya: kazi iliyokuwa ya kinyozi ilianza kuhamia nyumbani. Mtu anayejinyoa hana mikono ya kinyozi iliyozoea kazi kwa miaka, hivyo alihitaji msaada mkubwa zaidi kutoka kwenye sabuni.

Kemia yaingia sabunini

Sabuni hutokea mafuta yanapokutana na kemikali ya alkali. Mafuta huvunjika, yakatoa sabuni pamoja na gliserini. Alkali ikiwa soda, sabuni huwa ngumu. Ikiwa potashi, huwa laini kama ute mzito. Sabuni ya soda pekee ni kama jiwe: brashi huzunguka juu yake na kupata kidogo. Ya potashi pekee haikai umbo. Mtengenezaji wa sabuni ya kunyolea huchanganya zote mbili, na potashi ndiyo inayolifanya povu lichukue maji mengi bila kuvunjika.

Kwa karne nyingi alkali hizo zilipatikana kwa kuchoma miti, mwani na mimea ya ufukweni, kisha kuchuja majivu yake. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya njia ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na baadaye viwanda vikaacha kutegemea majivu. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Michel Eugène Chevreul, aliyeishi miaka 102, aliyachambua mafuta ya wanyama na mwaka 1823 akachapisha kitabu kilichoeleza kwamba mafuta yameundwa na asidi mbalimbali. Miongoni mwazo ni asidi ya steariki, iliyo nyingi katika shahamu ya ng'ombe na ya kondoo. Asidi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa sabuni ya kunyolea: povu lake huwa na mapovu madogo sana, yaliyobanana, yasiyopasuka upesi. Vinyozi walikuwa wameitambua sifa ya shahamu kwa mikono yao tangu zamani. Chevreul aliwapa watengenezaji sababu yake.

Mbata za Zanzibar

Shahamu ina kasoro moja: povu lake huchelewa kuanza. Dawa yake ni mafuta ya nazi, ambayo sabuni yake hutoa povu papo hapo, hata katika maji ya bahari. Hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoingia katika historia ya sabuni ya Ulaya. Kuanzia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Marseille, mji mkuu wa sabuni nchini Ufaransa, walileta meli Zanzibar kununua ufuta na mbata. Nazi zilifuliwa, zikapasuliwa na kuanikwa hadi nyama ikajitenga na kifuu, kisha mbata zikasafirishwa kwenda kukamuliwa mafuta na kupikwa sabuni.

Katika sabuni ya kunyolea nazi hutiwa kwa kipimo. Ikiwa kidogo, huliamsha povu; ikizidi, povu hujaa upesi na kuzimika upesi, na ngozi hukauka. Mafuta ya mbarika nayo hutiwa kidogo, kwa kuwa huongeza utelezi.

Kutoka duka la London hadi kikombe cha Connecticut

Karne ya 19 ilikuwa enzi ya sabuni ya kunyolea yenye jina. London ilikuwa na maduka ya mabwana: D. R. Harris tangu 1790, Truefitt & Hill tangu 1805, Taylor of Old Bond Street tangu 1854 na Geo. F. Trumper tangu 1875. Maduka haya yalikuja kujulikana kwa sabuni ngumu ya mviringo iliyowekwa katika bakuli la mti lenye kifuniko. Sabuni ilipoisha, mteja alinunua kipande kingine na kukitia katika bakuli lilelile. Mwaka 1853 serikali ya Uingereza iliondoa kodi ya sabuni, na bidhaa iliyokuwa ya wenye uwezo ikawafikia watu wengi zaidi.

Marekani, James B. Williams alianza biashara yake Connecticut mwaka 1840, na kampuni yake ikajulikana kwa sabuni za kunyolea za kuwekwa ndani ya kikombe. Katika maduka ya vinyozi ya miji ya Marekani mwishoni mwa karne hiyo, ukuta mmoja ulikuwa na rafu ya vikombe vya kaure. Kila mteja wa kudumu alikuwa na chake chenye jina lake kwa maandishi ya dhahabu, na mara nyingi picha ya kazi yake: treni kwa dereva wa treni, ng'ombe kwa muuza nyama. Kikombe kilishushwa mwenyewe alipoingia, na sabuni iliyokuwamo haikuguswa na uso mwingine.

Wembe wabadilika, sabuni yabadilika

Mwaka 1903 kampuni ya King C. Gillette ilianza kuuza kishikio kinachofunga wembe mwembamba wa kutupwa. Mwaka huo wa kwanza iliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaigeuza hali: serikali ya Marekani ilinunua takriban vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na vijana waliporudi nyumbani walirudi na mazoea mapya. Kishikio hicho kiliacha sehemu ndogo tu ya makali iguse ngozi, na hata povu bovu lilisamehewa.

Vita hivyo viliitia pia brashi doa. Manyoya bora yalipokuwa adimu, brashi za nywele za farasi kutoka Asia zilijaza masoko, nyingine zikiwa hazikusafishwa ipasavyo. Askari na raia waliugua kimeta usoni na shingoni, na baadhi walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Muda mfupi baada ya vita zilikuja krimu zisizohitaji brashi. Barbasol iliingia sokoni mwaka 1919, na Burma-Shave mwaka 1925 ikajulikana kwa vibao vya mashairi kando ya barabara za Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 likaja povu la kubonyeza kutoka kwenye kopo. Povu hilo huwa tayari kwa sekunde moja, lakini sehemu yake kubwa ni gesi. Chini ya wembe wa kutupwa linatosha. Chini ya wembe wa kukunja hupwaya na kuacha ngozi wazi.

Mila ya sabuni nzito haikufa. Italia iliitunza sabuni laini kama unga uliokandwa, inayochotwa kwa brashi. Cella ya Milano hujihesabia umri tangu 1899, na Proraso ya Firenze, yenye mikalitusi na menthol, ilitoka mwaka 1948. Uturuki kuna Arko ya kijiti, iliyoanza 1957, ambayo husuguliwa moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa. Ujerumani kuna Tabac, iliyotoka 1959. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21 watu wengi wameurudia wembe wa kukunja, na watengenezaji wadogo wameanza tena kupika sabuni za shahamu na potashi. Wengine hutumia siagi ya shea, ambayo mti wake humea kaskazini mwa Uganda.

Kuchagua sabuni

Historia hiyo ndiyo inayomwongoza mnunuzi wa leo. Cha kwanza kutazamwa ni orodha ya viambato. Sabuni inayofaa huanza na steariki au shahamu, ina potashi pamoja na soda, na gliserini imebaki au imeongezwa. Nazi ikitajwa mwanzo kabisa, sabuni hiyo ni ya povu la haraka. Asiyetumia mafuta ya wanyama, au anayetaka kuhakikisha hakuna ya nguruwe, huchagua yenye steariki ya mimea. Ikipikwa vizuri hufanya kazi ileile.

Cha pili ni maji. Maji magumu yenye chokaa, kama ya visima vingi vya pwani, hushikana na sabuni yakafanya utando mweupe badala ya povu. Penye maji hayo, maji ya mvua huleta nafuu, au sabuni itumike kwa wingi zaidi.

Cha tatu ni ngozi. Manukato makali na menthol huweza kuwasha uso uliopitiwa na makali, kwa hiyo mwenye ngozi nyepesi huanza na sabuni isiyo na harufu. Umbo la sabuni, liwe la bakuli, kijiti au krimu, ni suala la mazoea.

Hatimaye sabuni hujaribiwa. Ndevu hulowekwa maji ya vuguvugu dakika mbili tatu. Brashi iliyolowa na kukung'utwa huzungushwa juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha povu likandwe katika bakuli huku maji yakiongezwa kwa matone. Povu lililoiva hufanana na mtindi mzito: linang'aa, halina matundu, na brashi ikiinuliwa huacha ncha inayoinama. Likiwa halina mng'ao, limepungukiwa maji na wembe utakwama. Likitiririka shingoni, maji yamezidi.

Kipimo cha mwisho huja baada ya wembe kupita. Pale povu lilipokwanguliwa, kidole chenye maji hupitishwa juu ya ngozi. Kikiteleza, sabuni imeacha utando wa kuulinda uso iwapo wembe utarudi mahali palepale. Kikikwama, sabuni hiyo haifai kwa wembe wa kukunja, hata kama povu lake lilikuwa jingi na harufu yake nzuri. Baada ya hapo uso husuuzwa kwa maji baridi na jiwe la shabu hupakwa kufunga vijeraha. Penye sabuni nzuri, shabu hiyo huwasha kidogo tu.