Jalada Bila Sura: Uchoraji wa Majalada ya Muziki Tanzania na Tatizo la Taswira ya Mohoro

Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, siku chache baada ya Wamatumbi kung'oa pamba Nandete. Mwanamuziki wa kujitegemea anayetaka kuitolea Mohoro albamu hukutana mapema na swali ambalo watafiti wa muziki wamelipita kando: mchoraji aweke nini kwenye jalada? Jibu linahitaji kwanza kueleza kwa nini jalada lenyewe lilichelewa kuwa mahali pa kusimulia historia katika nchi hii.

Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya His Master's Voice, santuri za wakati huo ziliuzwa katika mifuko ya karatasi yenye tundu katikati ili kibandiko kisomeke. Mfuko uliitangaza kampuni. Mwimbaji hakuwa na sura. Hata Marekani, uchoraji wa jalada kwa ajili ya kazi mahususi ulianza kushika mizizi takribani mwaka 1940, kupitia Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia. Tanzania huru nayo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi za dansi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki maktaba, na wimbo ukawafikia wananchi kwa mawimbi ya redio. Redio haihitaji jalada. Nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilifyatuliwa Nairobi, na wenye lebo ndio waliokuwa na uwezo wa kuamua picha.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa, juu ya vipande vya mraba vya bodi vyenye upande wa sentimita sitini hivi. Jalada la santuri ndefu lina upande wa sentimita 31, karibu nusu ya hapo. Mji ule ulikuwa na wanamuziki wengi, ukawa na wachoraji waliozoea mraba, lakini kiungo cha kiwanda kilichoweza kuwakutanisha hakikuwepo. Picha za tingatinga zilipata soko kwa wageni, nao muziki ukaendelea kusikika bila kuonekana.

Kaseti ilirudisha picha, ingawa katika karatasi ndogo iliyokunjwa, ambayo mara nyingi ilibeba picha ya studio ya msanii na majina ya nyimbo. Leo albamu husambazwa kwa intaneti, na wasambazaji hudai picha ya mraba, kwa kawaida yenye pikseli 3000 kila upande, ambayo msikilizaji huiona ikiwa na ukubwa wa kidole gumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda mchoro kama kazi ya sanaa na kumpa mchoraji haki ya kutambuliwa. Hata hivyo, malipo ya mara moja bila mkataba wa maandishi humwacha mwanamuziki akidhani amenunua mchoro pamoja na haki zake zote, jambo ambalo si lazima liwe kweli.

Kuhusu Mohoro, ugumu ni wa aina nyingine. Picha za Vita vya Maji Maji zinazochapishwa mara kwa mara, hasa zile za wafungwa waliofungwa minyororo, zilipigwa kwa jicho la mtawala. Kuzihamishia kwenye jalada ni kumrudisha marehemu mbele ya kamera ileile. Kuchora uso wa kubuni nako kuna hatari: tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ni kazi ya sanaa na mwandishi wake hakuificha hali hiyo, lakini picha haina dibaji ya kumtahadharisha mtazamaji. Uso ukirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa kumbukumbu.

Ushahidi wa masimulizi uliokusanywa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 unatoa njia bora zaidi. Wazee walieleza kwamba Kinjikitile alizama katika bwawa huko Ngarambe, jamaa zake wakamngoja, naye akaibuka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Simulizi hilo limejaa vitu vinavyochoreka: maji, ukingo, watu wanaongoja, nguo isiyolowa. Uso haumo. Mchoraji anayefuata masimulizi hayo hapungukiwi na kitu, kwa kuwa wasimulizi wenyewe waliliweka ajabu lao katika nguo. Linalobaki ni mahali pa kuandika kwamba mchoro umetokana na masimulizi hayo. Karatasi ya kaseti ilikuwa na mkunjo wa ndani uliotosha sentensi mbili. Mraba wa simu hauna.