Jezi ni ya nani? Kisa cha Coutances, 1924

Leo naomba niwape historia kidogo, na imeanzia kwenye cherehani.

Jumamosi nilimpelekea fundi wa mtaani kwetu jezi yangu ya baiskeli. Ni ya mitumba, ya kubana, yenye mifuko mitatu mgongoni. Imechanika ubavuni. Mzee akaivuta huku na huku, kisha akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii nikiipiga mshono wa kawaida, ukiivaa tu uzi unakatika. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki." Akanipa njia mbili: niipeleke kwa mwenye ovaloki, au yeye akate ile mifuko anishonee kitu kingine. "Amua mwenyewe, jezi ni yako."

Hilo neno "jezi ni yako" nikaondoka nalo. Maana kuna waendesha baiskeli waliowahi kuambiwa kinyume chake, tena na mabingwa wakiwemo.

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903. Mwenye mashindano alikuwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto. Naam, gazeti! Shida yao ilikuwa kuuza nakala. Desgrange alikuwa mkali kweli kweli. Alitaka mtu apambane na barabara peke yake, bila kusaidiwa. Kitu kikiharibika, utengeneze mwenyewe.

Mwaka 1913 uma wa mbele wa baiskeli ya Eugène Christophe ulivunjika akiteremka mlima Tourmalet. Alibeba baiskeli na kutembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akauunga uma kwa mikono yake huku wasimamizi wamesimama wanamtazama. Na bado alipewa adhabu ya dakika 10, baadaye ikapunguzwa. Kosa lake? Kijana mmoja alimsaidia kuvuvia moto.

Sasa sheria hiyo ya roho mbaya ilikuwa na ndugu yake upande wa nguo: ulivyoondoka ndivyo ufike. Ukianza na jezi mbili, umalize na jezi mbili. Ruhusa ya kutupa hakuna.

Unaweza kusema, jezi tu, kuna nini? Kumbuka enzi zile jezi zilikuwa za sufu. Safari za siku moja zilizidi kilomita 400, kwa hiyo watu waliondoka kabla ya mapambazuko, baridi kali. Unavaa mbili. Jua likipanda, sufu iliyolowa jasho inakuwa mzigo, lakini unatakiwa uibebe hadi mwisho. Kwenye bukta nako kulishonwa kipande cha ngozi laini cha kukalia. Kikifuliwa na kukauka kinakakamaa, hadi ukipake mafuta ndipo kikalike. Nguo zile zilihitaji matunzo kila siku.

Basi, Juni 26, 1924, pale Cherbourg, msimamizi alimfuata Henri Pélissier, bingwa wa mwaka uliotangulia. Bila neno akamfunua jezi, ahesabu amevaa ngapi. Mbele za watu! Bingwa wa Ufaransa anakaguliwa kama mwizi wa sokoni.

Pélissier alikuwa ameshabishana nao kuhusu jambo hilo. Kwa maelezo yake, aliambiwa haruhusiwi kutupa mali ya mashindano. Akajibu kwamba ile si mali yao, ni yake. Alitaka suala lizungumzwe, Desgrange akakataa kujadiliana naye barabarani. Siku hiyo Pélissier alipofika mji wa Coutances alishuka kwenye baiskeli, akaacha mashindano. Mdogo wake Francis na mwenzao Maurice Ville wakaacha pia.

Hapa sisi waandishi tunaingia. Albert Londres wa gazeti la Le Petit Parisien alikuwa akifuata mashindano kwa gari. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika kuhusu gereza la wafungwa wa Kifaransa kule Guiana. Akawakuta hawa watatu kwenye mkahawa karibu na stesheni, wakamwaga mifuko yao mezani: kokeini ya macho, klorofomu ya fizi, vidonge. Habari ile ikatikisa Ufaransa, na hadi leo waendesha baiskeli wale wanakumbukwa kama wafungwa wa barabarani.

Miaka ya baadaye Francis alisema walimtilia Londres chumvi kidogo kwa sababu hakuujua mchezo. Wanahabari wenzangu, tujifunze hapo. Lakini hata ukiondoa chumvi yote, mkono uliofunua jezi unabaki pale pale. Kuchoka hawakukuona kuwa tatizo. Kuchoka ilikuwa kazi yao. Kilichowaudhi ni mtu mwingine kuamua lini mtu avue nguo yake.

Leo mambo yamegeuka. Mwendeshaji akisikia joto anamkabidhi mwenzake wa kwenye gari la timu koti, maisha yanaendelea. Na kitambaa nacho kimebadilika. Uzi wa kuvutika unaoitwa Lycra ulibuniwa na mkemia wa DuPont, Joseph Shivers, mwaka 1958, na miaka ya 1970 ukaingia kwenye bukta za baiskeli. Ni mwepesi na unabana vizuri, lakini joto linaulegeza, na ukishalegea fundi hana la kufanya. Sufu ikitoboka unaifuma. Ikichoka kabisa unaifumua, uzi unafumia kingine. Waingereza walifanya hivyo sana wakati nguo zilipogawiwa kwa kuponi, kuanzia 1941 hadi 1949.

Sisemi turudi kwenye sufu, kwa joto la Dar tutakufa. Wala sisemi kila anayetia kiraka anaonewa. Nasema tusisifu tu uvumilivu wa watu wa zamani bila kuuliza nani aliwalazimisha. Desgrange aliita ujasiri kitu ambacho Pélissier alikiona ni udhalilishaji, na mimi niko upande wa Pélissier.

Jezi yangu je? Nimemwambia mzee akate. Mifuko mitatu imekuwa kifuko cha kufunga chini ya tandiko: tyubu ya akiba, viraka, gundi. Mgongo uliobaki ni kitambaa cha kufutia mnyororo. Ovaloki ingeweza kuiokoa, najua. Lakini ni yangu, nimeamua.

Wewe ungefanyaje?